Mwenye Neno Asimame

Picha iliingia kwenye kundi la simu Jumanne asubuhi, wakati akina mama wa Kanisa la Mwamba wa Rehema, Waithaka, wako katikati ya kutumiana mistari ya Biblia na bei ya viazi. Lilikuwa bango. Juu palikuwa na mwezi mkubwa. Chini ya mwezi alisimama Caren, mke wa Tobias Were fundi wa makochi, miguu mitupu, shuka jeupe limefungwa begani, mikono juu. Watu kama ishirini walikuwa wamemzunguka, Waafrika kwa Wazungu, wote wamevaa nyeupe na kufumba macho kama wanaoombewa. Na chini kabisa, kwa herufi za dhahabu: NGOMA YA SADAKA. Densi ya kale ya kafara. Siku arubaini ndani ya mduara mtakatifu pamoja na Mama Caren. Kitovu, Karen.

Kafara! Bei ya viazi ikasahaulika hapo hapo. Mama mmoja akaandika "Shindwe!" Wa pili akaandika "Shindwe kabisa!" Wa tatu, ambaye simu yake ina tabia ya kumrekebishia maneno, akaandika "Shinda!" akafuta mbio, lakini watu walikuwa wameshaona.

Mwihaki, mwenyekiti wa akina mama hao, hakuandika kitu. Alichukua simu akaiweka kando ya kikombe cha chai cha mumewe. Mumewe ni Mzee Kihara, na Mzee Kihara ni watu watatu ndani ya koti moja: mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mwenye ploti za kupangisha, na baba yake Dan. Huyo Dan ndiye alikuwa amuoe Ivyne, binti yake Caren.

"Huyu si mama ya Ivyne?" Mzee Kihara akauliza, akiisogeza simu mbali ili aone vizuri.

"Ni yeye."

"Ivyne wetu?"

"Bado hajakuwa wetu," Mwihaki akasema, akatia sukari kwenye chai ambayo tayari ilikuwa na sukari.

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kanisa la Mwamba husoma matangazo ya ndoa Jumapili tatu. Dan Kihara na Ivyne Were walikuwa wameshasomwa mara mbili, watu wakapiga vigelegele. Tangazo la tatu lilikuwa la Jumapili hiyo iliyokuwa inakuja, na harusi ni Jumamosi ya wiki inayofuata. Msichana akisomwa mara mbili halafu la tatu likose, afadhali asingesomwa kabisa, maana kila mtu atauliza ni nini kimepatikana kwao. Na msomaji wa matangazo ni Mzee Kihara mwenyewe.

"Hiyo tangazo sisomi," akasema, akamaliza chai yake yote bila kuiona sukari.

* * *

Sitaki umdhanie mama wa watu vibaya, kwa hivyo ngoja nikwambie Kitovu ni nini.

Kitovu ni ekari nne za nyasi na miti kule Karen, mtaa wa matajiri, nyuma ya ua mrefu wa michongoma. Wanaokaa humo ni watu waliochoka kuwa na vitu. Wana nyumba Lavington zenye vitanda vya kuzama, lakini wanalipa ili walale kwenye mkeka. Bomba la maji lipo, lakini wanalipa ili wachote kisimani kwa kamba. Wanakula dengu bila chumvi, na wakitafuna wanafumba macho. Caren alikuwa mpishi na mfuaji wao, na kwa kuwa kazi ilianza alfajiri alipewa chumba cha nyuma akae huko wiki nzima, arudi Waithaka Jumamosi. Katika Kitovu nzima, ni yeye peke yake aliyekuwa analala kitandani.

Mkubwa wao aliitwa Nyawira. Alizaliwa Lavington, akawa meneja wa benki katikati ya jiji, ghorofa ya kumi na nne, mpaka siku moja akatoka kwenye mkutano na kuanza kulia kwenye lifti. Sasa alijiita Nyota. Kila asubuhi aliwaketisha watu wake kwenye mduara akawauliza, "Nani ana neno? Mwenye neno asimame." Na kila asubuhi alisimama mtu, akasema jinsi baba yake hakuwahi kumkumbatia, akalia, akaketi. Caren aliyasikia yote akiwa jikoni, na yeye pia alitoa machozi, lakini yake yalikuwa ya vitunguu.

Kulikuwa na mwalimu kutoka Ureno wa kuongoza densi takatifu ya mduara kwa siku arubaini. Watu wameshajiandikisha, wameshavaa nyeupe. Siku ya tatu mwalimu akamkanyaga mbwa kwenye ngazi. Mbwa akapona. Mwalimu akateguka kifundo cha mguu na kurudishwa kwao kwa kiti cha magurudumu. Nyawira akawa anazunguka boma ameshika kichwa, na alipofika nyuma ya jikoni akasimama ghafla.

Caren alikuwa ndani ya karai kubwa, sketi imepandishwa magotini, anakanyaga blanketi. Mbili kulia, moja nyuma, anainama, anazunguka. Wimbo unavuma puani.

"Mama Caren. Unafanya nini?"

"Naosha blanketi, Madam."

"Niite Nyota. Si blanketi. Miguu. Hiyo miguu inafanya nini?"

Caren akaiangalia miguu yake kana kwamba ni ya jirani. "Aa, hii? Hii ni ya sadaka."

"Sadaka." Kiswahili cha Nyawira kilikuwa cha kumwambia mlinzi afungue geti, basi, hakikuwa kimewahi kutumwa mbali hivyo. "Ngoma ya sadaka. Ni ya kina nani?"

"Ya akina mama."

"Akina mama wa zamani?"

Caren akafikiria. Hatua hizo alizitunga yeye mwenyewe, mwaka ule kanisa lilipokuwa linatafuta mabati. "Zamani kidogo."

"Na mnaicheza kwa nini?"

"Ndio watu watoe."

"Watoe nini?"

"Chochote mtu ako nacho."

Nyawira akaweka mkono kifuani, macho yakamjaa maji. Caren akaona heri afafanue. "Madam, hii ni ya kani—"

"Shh." Kidole kinachonukia mafuta ya maua kikamgusa mdomo. "Usieleze. Ukieleza, inakufa."

Basi haikuelezwa. Jioni hiyo hiyo Caren akatolewa kwenye karai, akafungwa shuka, akasimamishwa katikati ya nyasi. Asubuhi mara moja, jioni mara moja, mbili kulia, moja nyuma. Wanafunzi wake walikuwa wazito ajabu. Mzungu mmoja mzee alienda kushoto siku tisa mfululizo. "Kulia, baba! Mkono wa kula!" Caren akampigia kelele, na msichana mmoja wa Lavington akatoa kijitabu haraka, akaandika: mkono wa kula, ishara ya shukrani kwa ardhi.

Na tuseme ukweli, Caren alifurahia. Kule Waithaka hatua ni zake lakini anayekaa mbele ni Mwihaki. Caren huwekwa mstari wa tatu, nyuma ya nguzo, kwa sababu sare yake ni ile ya rangi ya zamani. Mwanamke ana miaka arubaini na tisa, na tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwambia asimame katikati. Jambo hilo lilimwingia, na mimi sioni ubaya. Walipompiga picha walimwambia ni ya ukumbusho.

* * *

Jumanne hiyo hiyo saa kumi Caren alikuwa ameshaitwa na kufika nyumbani kwake, vyumba viwili vya mabati kwenye ploti yenye milango minane. Alipokuwa anafungua kufuli, jirani akamletea sufuria aliyoazima tangu Pasaka. Ilikuwa imesuguliwa ndani na nje.

"Si ungekaa nayo tu, Mama Stellah? Bado sijaihitaji."

"Hapana, shika tu," jirani akasema, akaiweka chini badala ya kumpa mkononi, akarudi kwake na kufunga mlango. Mlango ambao haufungwi mchana.

Ndani, Tobias alikuwa ameketi kwenye kochi ambalo si lao, la mteja, sindano ya gunia mkononi, hashoni. Ivyne alikuwa amesimama kando ya gauni lake. Gauni lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, limefunikwa na nailoni, na kwa vile chumba ni kidogo, lilikuwa kama mtu wa nne humo ndani.

"Mum," Ivyne akasema. "Kafara?"

"Mimi sikuandika hivyo, haki ya Mungu. Mimi nilisema sadaka."

"Ulimwambia nani?"

"Yule Nyawira. Aliniuliza hii ni ngoma gani, nikamwambia ya sadaka. Si ni ya sadaka?"

Tobias akacheka kidogo bila kutaka, halafu akakumbuka. "Yawa, Caren. Sasa Mzee Kihara amesema hasomi. Amenitumia mtu, hata hakupiga simu. Alhamisi saa tisa, mimi na wewe, ofisi ya wazee."

Caren akampigia Nyawira pale pale, akaweka sauti nje wote wasikie.

"Mama Caren! Bango limepokelewa vizuri sana. Watu wanalia."

"Hata huku wanalia, Madam. Hilo neno kafara, litoe."

"Lakini ndiyo nguvu yake! Niliangalia kwenye simu. Sadaka, kafara, ni kitu moja."

"Si kitu moja. Sadaka ni sadaka."

"Ndiyo hivyo!" Nyawira akasema kwa furaha. "Ndiyo hivyo kabisa!" Akakata.

Ivyne akaketi sakafuni. "Dan hashiki simu," akasema. "Nimempigia mara sita."

* * *

Ofisi ya wazee wa Mwamba ina viti sita vya kitambaa chekundu. Vyote vilishonwa na Tobias, bure, kama mchango wa jengo. Alhamisi hiyo viti vitatu vilikaliwa na wazee, kimoja na Mwihaki kwa niaba ya akina mama, na viwili vikawekewa makoti. Tobias na Caren wakasimama. Mchungaji alikuwa safarini, kama kawaida yake mambo yakipata moto.

Kwa sababu siku hizi bango haliendi peke yake, video nayo ilikuwa imefika. Mzee Maina, mwalimu mstaafu na katibu wa wazee, aliisimamisha simu juu ya kitabu cha nyimbo.

"Simamisha hapo," Mzee Kihara akasema. "Mama Ivyne, hapa unainama. Unainamia nani?"

"Naweka ndoo chini, mzee."

"Sioni ndoo."

"Hawana ndoo. Lakini hapo ndipo pa ndoo."

"Endelea. Haya, hapa mmezunguka mara tatu. Mbona tatu?"

"Ubeti uko na mistari tatu."

"Na miguu mitupu?"

"Nyasi ilikuwa na maji, na hivyo viatu ni vya kuja kanisani."

Mzee Maina akatikisa kichwa. Miaka thelathini alifundisha hesabu, lakini mambo ya mapepo hayakumshinda. "Ukitazama mabega," akasema, "roho yenyewe inaonekana."

Caren akavuta pumzi. "Wazee wangu. Hiyo ni sadaka."

"Amekubali," Maina akasema, akaandika.

"Sadaka yetu! Ya hapa! Ile ya kupeleka ndoo kila Jumapili! Mama Dan, si wewe huwa mbele? Si waambie!"

Wakamgeukia Mwihaki. Sasa, Mwihaki alizitambua hatua hizo tangu Jumanne, kabla chai haijapoa. Hata hapo, tangu video ianze, mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga sakafu chini ya meza. Akauzuia. Alifikiria mstari wa mbele. Alifikiria mtu akisema mbele ya wazee kwamba kumbe hatua zina mwenyewe, na mwenyewe ni huyu wa sare ya zamani.

"Zinafanana," akasema. "Lakini si moja. Sisi tunavaa viatu."

Wazee wakapumua. Uamuzi ukatolewa haraka, maana ulikuwa tayari. Kwanza, Caren asirudi Karen. Pili, Jumapili asimame mbele ya kanisa atubu kwamba amecheza ngoma ya kafara, na kulingana na kitabu cha taratibu anayetubu ataje alichofanya waziwazi mpaka kanisa lielewe. Akisamehewa, tangazo lisomwe, asiposamehewa, lisisomwe. Tatu, kama adui ameiba densi ya kanisa, basi akina mama wapeleke sadaka wakitembea tu, mpaka kamati ndogo ichunguze ameichafua kiasi gani.

"Swali?" Mzee Kihara akauliza.

"Hakuna," Tobias akasema kwa niaba ya wote wawili, kama alivyozoea kusema akiwa amesimama.

Walipofika mlangoni wakaitwa. Caren akageuka haraka.

"Fundi," Mzee Kihara akasema, akiutikisa mkono wa kiti chake. "Hiki kimelegea. Ukipata nafasi."

* * *

"Sema tu," Tobias alimwambia Ijumaa, na akarudia Jumamosi. "Ni maneno. Simama, sema, keti."

"Nitubu nini, Baba Ivyne? Nitubu kwamba nimetoa sadaka? Hizo hatua ni mimi nilitunga! Nilizitunga nikiwa na mimba ya yule aliyetutoka, mabati haijanunuliwa, mvua inatunyea tukiomba. Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Sasa niite kafara?"

Alikuwa amekasirika, na unga wa chapati ulikuwa unapata taabu. Angeweza kugoma. Angeweza kurudi Karen Jumatatu, ashikwe kama yai, asimame katikati ya nyasi, Waithaka ijisomee matangazo yake. Nyawira alikuwa ameshamwambia chumba chake kipo, hata kama ni kwa miaka. Jambo hilo lilimpitia kichwani zaidi ya mara moja.

"Dan amepiga?" akauliza.

"Ametuma meseji," Ivyne akasema. "Anasema ananipenda, lakini tungoje tuone wazee watasema nini."

"Huyo naye!" Tobias akasema, akaidunga sindano kwenye sponji.

Ivyne alikuwa hajalia tangu Jumanne. Hata sasa hakulia. Aliisogeza nailoni ya gauni ikae vizuri, akazungumza akiwa amewapa mgongo. "Mum, mimi najua hukufanya kitu. Dan anajua. Hata mamake anajua, nimeona vile ananiepa macho. Lakini Jumapili nisiposomwa, mimi hapa Waithaka sitapita tena. Shangazi wako njiani wanatoka huko kwetu ushago. Nitawaambia nini? Tubu tu. Hata kama ni ya uongo. Tafadhali."

Msichana huyu mara ya mwisho kusema tafadhali alikuwa darasa la tano, na alikuwa anaomba kalamu. Caren akaacha unga.

"Nitatubu," akasema.

Jioni Nyawira akapiga. Caren akamwambia hatakuja, Jumapili ana jambo kanisani, atasimama mbele ya watu wote aseme yaliyo moyoni, halafu wamsamehe.

Kwenye simu ikaja sauti nyembamba ya kilio. "Kumbe hata huko mnafanya mduara."

"Si mduara, Madam."

"Tutakuja kukushikilia."

"Usije. Nakuomba, Madam, usije kabisa."

"Tutakuja kimya kimya," Nyawira akasema. "Hutatusikia."

* * *

Kweli hawakusikika, lakini walionekana. Watu wanane waliovaa nyeupe tupu walivua viatu mlangoni, wakavipanga, wakakaa benchi la nyuma wamefumba macho. Magari yao manne yaliziba barabara mpaka kwa muuza makaa. Mzee Kihara aliwaona akiwa mimbarini, akarekebisha koti.

Ikafika sadaka. Akina mama wakainuka na ndoo zao za plastiki, wakatembea. Kwa miaka yote hiyo hawakuwa wamewahi kutembea tu, na walionekana kama watu wanaotafuta choo mahali wasipopajua. Nzuki, mpiga ngoma, alikaa amekunja mikono. Watu nao, kumbe mkono ulikuwa umezoea kufuata mguu. Mguu usipocheza, mkono haukumbuki mfuko uko wapi. Ndoo zikarudi mbele nyepesi, unaweza kuziinua kwa kidole kimoja. Mzee Kihara akachungulia ya kwanza. Akachungulia ya pili. Ya tatu hakuchungulia.

"Tuna mwenzetu wa kutubu," akasema kwa sauti ya kukasirika, ingawa hasira haikuwa ya Caren peke yake.

Caren akatoka nyuma ya nguzo. Alikuwa amevaa ile sare ya rangi ya zamani. Ivyne aliketi benchi la pili na Tobias, mikono kwenye mapaja. Upande wa pili Dan alikuwa anasoma kiatu chake.

"Natubu," Caren akasema.

"Taja ulichofanya," Mzee Maina akamwambia, kalamu tayari. "Waziwazi, kanisa lielewe."

Nia yake ilikuwa kusema. Maneno alikuwa ameyakariri akipika chapati. Lakini alipofungua mdomo akaziona zile ndoo, na akajua kwamba akisema kafara mbele ya ndoo zile, hatazishika tena maishani mwake.

"Mzee, kutaja ndiko kulikotuletea haya yote," akasema. "Nilitaja mara moja Karen, ona tulipofika. Nikitaja tena hapa, nani ajuaye mtaandika nini. Wacha nionyeshe. Muone mnanisamehe nini."

Kabla katibu hajapata ukurasa wa taratibu unaokataza, Caren alikuwa ameshavua viatu. Akashika ndoo tupu. Mbili kulia, moja nyuma, akainama, akazunguka. Hakukuwa na sauti yoyote ila nyayo kwenye simenti. Mbili kulia, moja nyuma.

Nzuki alisema baadaye kwamba hakuamua; mikono ndiyo iliamua. Ngoma ikalia mahali pake hasa. Mama mmoja wa mstari wa nyuma akaanza wimbo, na wimbo huo ukianza hakuna mama wa Mwamba anayeweza kubaki kitako. Wakainuka wote. Mwihaki alijishikilia kwenye benchi ubeti mzima wa kwanza, mkoba kifuani, taya imekaza. Ubeti wa pili mguu wa kulia ukamsaliti. Akaingia, na viatu vyake, nyuma ya Caren, kwa sababu mbele palikuwa pameshapata mtu.

Na mikono ikakumbuka mifuko. Mzee mmoja alitoa, akasahau kwamba alikuwa ametoa, akatoa tena. Benchi la nyuma wale wanane wa mavazi meupe walikuwa wamesimama, macho wamefumba, mbili kulia, moja nyuma, bila kukosea hata hatua. Yule Mzungu mzee alienda kulia. Nyawira, machozi yanamtiririka, akamwinamia mama aliyekuwa karibu naye. "Amewafundisha wote?" akanong'ona. "Kwa wiki moja?"

Ngoma iliponyamaza, ndoo zilikuwa zinabebwa na watu wawili wawili. Mzee Kihara akachungulia ya kwanza, na ya pili, na safari hii na ya tatu.

"Kanisa limemsamehe," akatangaza. "Na kamati ndogo imemaliza kazi yake."

Akafungua kitabu cha matangazo. Ivyne akamshika babake mkono. "Kwa mara ya tatu na ya mwisho," Mzee Kihara akasoma, "Daniel Kihara wa kanisa hili, na Ivyne Were wa kanisa hili, wanakusudia kufunga ndoa takatifu. Mwenye neno la kuzuia ndoa hii, asimame."

Nyawira akasimama.

Haki, kanisa zima lilisikia benchi likilia. Alikuwa amesikia neno, alikuwa amesikia asimame, na kwa miezi minane hilo ndilo jambo lililofanyika kwenye mduara wake kila asubuhi ya Mungu. Mia tatu wakageuka. Ivyne akatoa sauti ndogo kama mtu aliyechomwa na mwiba. Mama Stellah akashika mdomo kwa mikono miwili. Mzee Maina, ambaye kitabu chake cha taratibu kinasema akisimama mtu tangazo linasimama mpaka uchunguzi uishe, akafungua kalamu.

"Una neno?" Mzee Kihara akauliza.

"Ndiyo," Nyawira akasema, mkono kifuani. "Nina neno. Kuhusu huyu mama. Na nguvu ya ka—"

Caren alikuwa ameshafika. Namna alivyopita katikati ya kanisa miguu mitupu, na ndoo, hakuna aliyeweza kueleza baadaye.

"Mzee, huyu hajasimama na neno!" akapaza sauti. "Amesimama na sadaka. Alichelewa." Akamsukumia Nyawira ndoo kifuani, pale pale mkono ulipokuwa. "Toa," akamwambia kwa meno.

"Nitoe nini?"

"Chochote uko nacho."

Nyawira akaangalia ndani ya ndoo. Aliangalia muda mrefu, zile noti zilizokunjwa kunjwa na sarafu za mboga, na sijui ni nini kilimpita usoni, lakini kwa mara ya kwanza hakulia. Alijipapasa. Gauni za Kitovu hazishonwi mfuko.

"Namba ya sadaka iko ukutani," Mwihaki akasema kutoka mbele, na akanyoosha kidole.

Kanisa likangoja. Nyawira alitoa simu kifuani, akaisoma namba ukutani, akabonyeza. Kule mbele, mfukoni mwa Mzee Kihara, simu ya kanisa ikalia mara moja, tii. Mzee akaichungulia. Nyusi zikapanda, zikakaa huko.

"Hakuna neno," akasema, akafunga kitabu.

Vigelegele vikapasuka. Dan aliruka benchi mbili, sasa ndiyo amepata miguu, na Ivyne akamwacha asimame hapo kidogo na mikono yake imenyooshwa kabla ya kuitazama. Nyawira akaketi polepole. Caren akaenda mbele, akakaa benchi la kwanza, mahali palipokuwa na mkoba wa Mwihaki. Akausogeza.

Mwihaki akaja, akasimama kando yake, akamwinamia sikioni. "Mama Ivyne. Viatu. Hapa tunavaa viatu."

"Wacha kwanza Mzee Maina aandike hakuna neno," Caren akasema. Na hakuvaa, mpaka aliposikia kifuniko cha kalamu kikifungwa.